SULUHU NI MIZANI

Ndugu wanachama,

Wako wasemao kuwa atafutaye suluhu ni mnyonge. Hao hawakusoma sira. Mwaka 628, pale Hudaybiya, Makureshi walikataa cheo cha Mtume (S.A.W.) kiandikwe katika mkataba. Sayyidna Ali alisita kukifuta. Mtume mwenyewe akataka kifutwe, likaandikwa jina lake na la baba yake. Haikutimia miaka miwili, Makka ikafunguliwa.

Kariakoo nako uko mfano. TANU ilizaliwa huko mwaka 1954, New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Wazee wengi wa mji ule walikuwa Waislamu, nao wakamridhia Julius Nyerere, Mkatoliki, awe rais wao. Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni wa kwetu Unguja, alisimama pamoja nao. Walitanguliza umoja. Lakini mwaka 1968 serikali ilimrudisha Sheikh Unguja kwa amri.

Kwa hiyo twasema: suluhu ni mizani. Muuza duka ajua kwamba sahani moja ikishikiwa kidole, ratili si ratili tena. Qur'ani imeamrisha kupatanisha kwa uadilifu. Kiongozi ana rukhsa kusamehe heshima yake. Haki ya mjane na yatima ni amana, hana rukhsa kuigawa.

Basi viongozi wetu wakiitwa kwenye mazungumzo na waende, wala tusiwaite wasaliti. Nasi tuzizuie ndimi zetu na matusi na kisasi. Warudipo tuwaulize jambo moja: mmetoa chenu, au mmetoa chetu?

Wabillahi tawfiq.