Mwombaji Kazi ya Usanifu Asiifiche Kiamaiko

Majuma machache yaliyopita, kijana mmoja wa mtaa wa Kiamaiko aliyehitimu shahada ya usanifu wa majengo alinijia na bahasha kwapani. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kazi, naye alitaka nimsahihishie Kiingereza chake. Sisi walimu wa isimu tumezoea maombi ya namna hii. Watu hudhani kwamba aliyesomea lugha kazi yake ni kufukuzana na nukta na vikomo. Nikayasoma maandishi yake. Kiingereza hakikuwa na kasoro ya kutajika. Kilichonishangaza ni kwamba jina la Kiamaiko halikuwemo popote. Mahali pa makao aliandika "Nairobi", basi. Nilipomwuliza kisa na maana, aliinamisha kichwa akasema, "Mwalimu, wakisikia Kiamaiko watafikiria mbuzi tu."

Si uongo kwamba Kiamaiko inajulikana kwa mbuzi. Nyama ya vichinjio vyake huliwa hata na watu ambao hawajapata kuikanyaga Eastlands. Lakini Kiamaiko pia ni mtaa wa majumba. Ghorofa zimesimama bega kwa bega, vyumba ni vya futi kumi kwa kumi, ngazi ni nyembamba na hazioni jua, na choo kimoja hutumiwa na jamaa kadhaa. Kijana huyu amelala humo, akadurusu humo, akapandisha mitungi ya maji kwenye ngazi hizo tangu utotoni. Je, katika mkoba wake wa michoro nilikuta nini? Hoteli ya kitalii ufuoni, makavazi ya vioo na kituo cha ndege! Michoro ilipendeza, siwezi kukana. Hata hivyo, kila mhitimu atakayeingia chumba kile cha mahojiano atakuwa na hoteli yake ya ufuoni. Ni wangapi watakaoweza kulieleza jopo, kwa vipimo, jinsi mama mwenye mtungi wa lita ishirini anavyopishana na mtoto gizani kwenye ngazi ya ghorofa ya nne?

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, jirani kabisa na Kiamaiko. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo hilo lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama. Kijana wetu aliyasikia mayowe ya usiku ule. Nilimwambia kwamba mhoji mwenye busara hatamwuliza tu anampenda msanifu gani wa Ulaya. Atamwuliza: mwenye ploti akitaka kuongeza ghorofa mbili juu ya msingi uliokusudiwa nne, nawe ndiwe mdogo kuliko wote ofisini, utafanya nini? Swali hilo halijibiwi kwa sentensi zilizokaririwa usiku kucha. Huna budi kuwa umeliwaza zamani, na aliyekulia Kiamaiko amekuwa na sababu ya kuliwaza.

Kisha nikamwomba anieleze mchoro wake mmoja kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ni fundi. Alianza vyema, akakwama. Kila neno la tatu likawa la Kiingereza, na mwishowe akawa ananyoosha kidole tu. Sikumcheka. Maneno yapo: msingi, nguzo, boriti, kiambaza, kizingiti, roshani, na vifaa kama timazi na pimamaji. Baadhi yake yamebeba elimu ya ujenzi ndani yake. Chukua boriti. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, boriti ni mti wa mkoko unaobeba dari, na urefu wake ndio uliokadiria upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mwanafunzi aliyelijua neno hili barabara hawezi kuchora ukumbi mpana bila kujiuliza ni kitu gani kitakachoishikilia dari.

Najua nitakavyopingwa: mahojiano yenyewe yatafanywa kwa Kiingereza, basi Kiswahili cha nini? Jibu langu latokana na miaka ya kutahini. Mwanafunzi akishindwa kulieleza jambo kwa lugha ya pili anayoijua, aghalabu hakulielewa katika ile ya kwanza. Alikuwa amejificha nyuma ya istilahi. Tena, akiipata kazi, maagizo atakayoyatoa kwenye mjengo yatapokewa na watu wanaosema Kiswahili na Sheng. Mwashi akiyaelewa visivyo, saruji haingoji ufafanuzi.

Jambo moja dogo, ila ni la kisheria. Kwenye wasifukazi wake alikuwa amejiita msanifu majengo. Nilimwambia alifute. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, hairuhusu mtu kufanya kazi kwa jina hilo kabla hajasajiliwa na Bodi. Aandike kwamba amehitimu masomo ya usanifu. Na kama mchoro ulifanywa na wanafunzi watatu, ataje ni sehemu ipi aliyoichora yeye, kwani wahoji hulifichua jambo hilo upesi mno. Kuhusu tai na viatu sina la kusema. Mamake amekwisha kuyashughulikia.

Lakini lawama si ya kijana peke yake. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, nasi walimu tumeendelea kuwatahini wanafunzi hawa kana kwamba watawajengea watu wa London. Nawasihi wenzangu wa idara za usanifu: angalau mara moja kwa mwaka, mwanafunzi aitetee kazi yake kwa Kiswahili mbele ya mwashi, seremala na mpangaji. Sisi wa idara za lugha tutakuja kusaidia kwa istilahi, nasi tutajifunza mengi kwa mafundi hao, maana kamusi zetu zina mapengo.

Juzi kijana alirudi. Alikuwa ameazima utepe wa kupimia, akaipima ploti wanamoishi kuanzia lango hadi paa, jirani zake wakidhani ametumwa na serikali ya kaunti kuja kuibomoa. Amechora ngazi ile nyembamba kama ilivyo, na kando yake ngazi nyingine aipendekezayo, yenye dirisha. Juu ya karatasi ameandika Kiamaiko kwa herufi kubwa. Mahojiano yake ni Jumatatu, saa nne asubuhi.