Nani alilipwa kwa ajili ya tigre?



Jumamosi mbili zilizopita tulionyeshwa, mule tunamokulia, sinema Life of Pi ya mwaka 2012, habari za kijana aliyebaki baharini ndani ya mutumbwi pamoja na tigre. Grupu ilizimika mara mbili lakini hakuna hata mutu mumoja aliyekwenda kulala. Kesho yake swali lilikuwa moja katika madarasa yote: «Ile tigre iko ya kweli ao ya uongo?» Kiisha wandugu wa darasa la tano wakatuletea shauri: muchezo wetu wa mwisho wa mwaka upate nao moshi, taa za rangi na projektere ya kukodisha muji, na feza yote ya muchango iende huko. Sisi wa darasa la sita tuliombwa kusema mawazo yetu. Njo haya.

Kwanza tigre. Walikuwako tigre wa kweli wachache, lakini sehemu kubwa ya ile tuliyoona ilitengenezwa na watu kwa ordinateri. Sinema inapitisha picha 24 kwa kila sekunde. Dakika moja ni picha 1.440. Katika picha hizo mutu anapanga mifupa ya nyama, mwingine misuli, mwingine manyoya, mwingine namna maji yanavyoyalowesha na jua linavyoyaangaza. Ordinateri inaweza kutumika saa nyingi juu ya picha moja tu. Basi usishangae ukisikia ya kwamba sinema hiyo ilikula karibu dolari miliyoni 120.

Lakini feza hiyo iliwafikia akina nani? Kampuni iliyotengeneza tigre, Rhythm & Hues ya California, ilikwenda mbele ya tribinali katika Februari 2013 kusema kwamba imefilisika. Watu zaidi ya 200 walifukuzwa kazini. Tarehe 24 ya mwezi ule ule kazi yao ikapewa zawadi ya Oscar. Ndani ya jumba watu wanapiga makofi. Inje, njiani, mamia ya wafanyakazi wa kazi hiyo wanasimama na mabango wakidai haki yao. Wengi wetu tuliposikia habari hii tulidhani ni fumbo.

Si fumbo. Makampuni hayo yanashindania kazi kwa bei inayokatwa mbele, na anayetaja bei ndogo njo anayeipata. Ni sawa fundi wa kushona aliyepatana nawe bei ya iniforme moja. Kesho unarudi: kola sipendi. Kesho kutwa: mikono ifupishwe. Juma lijalo: tubadilishe kitambaa. Na bei inabaki paka ile ya kwanza! Fundi atakula nini? Tena inchi kama Kanada na Uingereza zinarudishia wenye sinema sehemu ya garama wakipeleka kazi kwao, basi kazi inahama, na mufanyakazi anaifuata na mizigo yake kutoka muji hata muji.

Kwa hiyo wandugu wanaosema «maajabu ya sinema yanakula feza» wanasema nusu ya kweli. Kinachokula zaidi ni mukubwa asiyejua anachotaka. Tazameni Jurassic Park ya mwaka 1993, dolari miliyoni 63 hivi. Sinema inapita saa mbili, lakini wale nyama wakubwa wa zamani wanaonekana karibu dakika 15 tu, na zile za ordinateri ni kama dakika sita. Zingine zilifanywa kwa mikono, mashini zilizovikwa ngozi. Dakika zingine zote ni watu wanaoogopa, na sisi tunaogopa pamoja nao. Tena Godzilla Minus One ya Japani, mwaka 2023: mukubwa wake Takashi Yamazaki alisema haikufika dolari miliyoni 15. Watu 35 walitengeneza vipande 610. Yeye aliyeongoza sinema njo huyo huyo aliyesimamia kazi ya maajabu. Neno likimupendeza ao likimuchukiza, fundi analisikia palepale, haliendi kuzunguka ofisi kumi. Katika 2024 walipata Oscar ile ile ya tigre.

(Wanaotuuliza juu ya sinema inayoitwa Congo, ya mwaka 1995, yenye habari za Virunga yetu: ndiyo, wale sokwe walikuwa watu waliovaa manyoya. Tulicheka sana. Na yenyewe ilikula miliyoni 50 hivi.)

Sasa turudi nyumbani. Muchezo wa mwaka huu haujaandikwa mupaka mwisho. Mufalme hajui maneno yake, na tayari tunagombania moshi! Mawazo yetu ni kwamba karatasi ya muchezo imalizike kwanza, tuhesabu ni mahali gani moshi unatakiwa kweli (sisi tunaona pamoja tu, kijiji kinapoungua), kiisha tupatane bei na watakaotengeneza, na anayebadilisha mawazo alipe.

Kuna neno lingine, nalo linatuuma. Mwaka jana wadogo wetu wanne wa darasa la tatu walikata mbao na kupaka rangi yule mamba mukubwa aliyepigiwa vigelegele na wazazi. Tuliwabadilishia mudomo wake mara tatu. Gundi na rangi walinunua kwa makuta yao wenyewe. Siku ya muchezo hakuna aliyewaita mbele, na ile feza hawajarudishiwa hata leo. Komite ilikuwa yetu sisi. Kosa hatuwezi kulitupa kwa mutu mwingine. Mmoja wao tulimuuliza kama atasaidia tena mwaka huu. Akajibu, «Yaya, nitakuja kutazama tu.»

Muchango utahesabiwa Ijumaa baada ya masomo, katika darasa letu, mulango wazi kwa kila mutu. Gundi ya mamba italipwa kwanza, mbele ya kukodisha hata taa moja.