Saratani ya matiti yaondoka, usingizi na kumbukumbu navyo vyapotea

KWA miaka mingi sasa, mjadala kuhusu saratani ya matiti humu nchini umekuwa ukizunguka mambo mawili: umuhimu wa kugundua maradhi mapema, na gharama ya matibabu.

Ni mjadala wa haki. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya wanawake 7,000 waligunduliwa kuwa na saratani hii nchini Kenya katika mwaka wa 2022. Hakuna saratani nyingine iliyowapata Wakenya wengi kuliko hiyo.

Serikali nayo imepiga hatua ambazo hatuna budi kuzitambua. Bima ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kila familia ilitengewa Sh550,000 kwa mwaka kugharamia matibabu ya saratani. Mwaka uliofuata, Wizara ya Afya na SHA ziliafikiana na kampuni ya dawa ya Roche ili bei ya dozi moja ya Herceptin, dawa inayohitajiwa na baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, ishuke kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, zote zikilipwa na bima.

Hata hivyo, lipo suala la tatu ambalo halizungumzwi sana bungeni wala kwenye matembezi ya mwezi wa Oktoba ya kuhamasisha umma. Je, mwanamke huyu anaishi vipi baada ya matibabu kwisha na jamaa kuandaa maombi ya shukrani?

Wengi wao hawalali. Wanajigeuza kitandani hadi jogoo la kwanza, au wanagutuka usiku wa manane wakiwa wamelowa jasho. Mchana unapofika, wanasahau. Anaingia jikoni na hajui alichofuata. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Jina la jirani aliyemjua kwa miaka 20 linamkwama kooni.

Wanapolalamika, jibu wanalopewa ni kwamba washukuru Mungu kwa kuwa hai. Wengine huambiwa ni uzee, ni mawazo, au ni deko la mtu aliyezoea kuhudumiwa.

Sayansi inasema vingine. Mnamo 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowalinganisha wanawake 581 waliotibiwa saratani ya matiti na wengine 364 wa umri sawa wasio na maradhi hayo. Takriban asilimia 45 ya wagonjwa waliripoti kwamba uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri ulikuwa umezorota kufikia mwisho wa tibakemia, ikilinganishwa na asilimia 10 ya wale wengine. Miezi sita baadaye, zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa walikuwa bado wanalalamika.

Wengine huandamwa na hali hiyo kwa miaka mingi. Nchini Uholanzi, watafiti waliwapima wanawake 196 waliokuwa wamepewa tibakemia zaidi ya miaka 20 awali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba walikuwa nyuma kidogo ya wenzao katika kukumbuka maneno na katika kasi ya kufikiri.

Kuhusu usingizi, uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka 2010 ulihusisha wagonjwa 823 wa saratani mbalimbali waliokuwa wakipokea tibakemia. Tatizo la kukosa usingizi lilikuwa takriban mara tatu ya lile la watu wa kawaida, na wagonjwa wa saratani ya matiti ndio waliolalamika zaidi.

Ni muhimu kusisitiza kwamba huku si kurukwa na akili, na kwa walio wengi hali hupungua kadiri miezi inavyosonga. Lakini 'kupungua' si sawa na kutokuwepo.

Chanzo chake si kimoja. Dawa za tibakemia, au 'kemo' kama wagonjwa wenyewe wanavyoiita, hushambulia chembe za saratani pamoja na baadhi ya chembe zenye afya. Dawa za steroidi zinazotolewa pamoja nayo ili kuzuia kutapika zina sifa ya kufukuza usingizi. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofunika akili kama ukungu. Isitoshe, tafiti zimebaini kwamba baadhi ya wanawake huanza kuwa na matatizo ya kumbukumbu hata kabla ya dozi ya kwanza, ishara kwamba ugonjwa wenyewe na hofu inayouandama vina mchango wao.

Kisha kuna suala la homoni. Tibakemia inaweza kukomesha hedhi ya mwanamke wa miaka 40 kabla ya wakati wake. Baada ya hapo, wale ambao saratani yao hustawishwa na homoni hupewa vidonge, mathalani tamoxifen, ambavyo humezwa kila siku kwa miaka mitano na wakati mwingine hadi 10. Vidonge hivyo huokoa maisha, lakini pia huleta joto la ghafla na jasho la usiku. Anayeamshwa na jasho mara nne kwa usiku hawezi kudai amelala.

Hapo ndipo usingizi na kumbukumbu hukutana. Ubongo hutumia saa za usingizi kupanga na kuhifadhi mambo ya mchana. Usingizi ukikatikakatika, kumbukumbu hudhoofika. Kumbukumbu ikidhoofika, mja huingiwa na wasiwasi kwamba saratani imerudi, safari hii kichwani, na wasiwasi huo humnyima usingizi zaidi.

Humu nchini uzito wa suala hili ni mkubwa kwa sababu ya umri. Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti barani Afrika hugunduliwa wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, wengi wakiwa kwenye miaka ya 40. Huo ni umri wa kulipa karo, kulea watoto na kutunza wazazi wakongwe.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliye na darasa la wanafunzi 60. Kazi yake ni kukumbuka majina, ratiba na alama. Au mama mboga sokoni anayewauzia wateja kwa mkopo na kuweka madeni yote kichwani. Kumbukumbu ndiyo daftari lake. Daftari likipotea, mtaji nao huenda.

Sheria zetu hazijamkumbuka mwanamke huyu ipasavyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kipindi cha mwaka mmoja. Tibakemia pekee huchukua miezi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha tano, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo ulemavu na hali ya HIV, lakini haitaji saratani kwa jina.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 ilikusudia kulinda haki za wenye maradhi haya. Lakini ubaguzi unaomkabili mwanamke aliyetibiwa si wa kufukuzwa waziwazi. Ni wa barua ya onyo kwa sababu ya kusahau mkutano, au wa kunyimwa cheo kwa madai kwamba 'siku hizi hayuko makini'.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Baadhi ya wanawake wanapobaini kwamba vidonge vya homoni ndivyo vinavyowakosesha usingizi, huviacha kimyakimya. Hawamwambii daktari, kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Kwa kuviacha, wanaipa saratani nafasi ya kurejea, na pesa zote zilizotumiwa na familia na bima zinakuwa hatarini kupotea bure. Hapo usingizi unageuka kuwa suala la uhai na mauti.

Wengine hukimbilia maduka ya dawa. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, mfano wa Piriton, huuzwa kwa bei nafuu na bila maswali mengi. Kinaya ni kwamba dawa za aina hiyo zinaweza kuichosha kumbukumbu zaidi. Aidha, baadhi ya dawa za kutibu mfadhaiko, zikiwemo paroxetine na fluoxetine, hupunguza nguvu ya tamoxifen mwilini. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kuandikiwa dawa ya usingizi au ya mawazo bila daktari kujua dawa nyingine anazomeza.

Je, tiba ipo? Kwa upande wa usingizi, ipo. Tangu 2016, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kimependekeza kwamba tatizo sugu la kukosa usingizi litibiwe kwanza kwa mafunzo ya kubadili mazoea na fikra, kabla ya vidonge.

Mafunzo hayo si ya ajabu. Mtu hufundishwa kuamka saa ile ile kila siku, kwenda kitandani pale tu anaposikia usingizi, kuondoka kitandani akishindwa kulala, kuacha kusinzia mchana, na kudhibiti hofu inayomjia gizani. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyatoa kwa vikao vichache, hata kwa njia ya simu.

Kwa upande wa kumbukumbu, hakuna kidonge kilichothibitishwa kuirejesha, na wanaotangaza mitishamba ya kusafisha ubongo wafaa kuogopwa. Lakini yapo ya kufanya: kupima damu na tezi ya shingo, kutibu mfadhaiko, kufanya mazoezi ya kutembea, kuandika mambo kwenye daftari, kutumia kengele ya simu, na kufanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Tatizo ni nani atamwambia mgonjwa hayo. Kliniki za saratani katika hospitali za umma hujaa tangu alfajiri. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huuliza kuhusu uvimbe, hutazama matokeo ya picha, kisha huandika tarehe ya kurudi. Mgonjwa aliyeondoka nyumbani Marsabit au Kwale kwa basi la usiku hathubutu kuanzisha hadithi ya usingizi.

Mkakati wa kitaifa wa kudhibiti saratani wa 2017 hadi 2022 uliweka maisha baada ya matibabu katika nguzo moja na matibabu yenyewe. Kwenye karatasi, basi, wazo lilikubalika zamani. Kinachohitajika ni kulishusha kutoka kwenye makabati ya wizara hadi kwenye meza ya muuguzi.

Mahali pa kuanzia si ghali. Kila mwanamke anayerudi kliniki aulizwe maswali matatu: Unalala? Unakumbuka? Unameza dawa zako? Majibu yaandikwe kwenye faili kama yanavyoandikwa mapigo ya damu. Atakayejibu la apelekwe kwa mshauri au muuguzi aliyefunzwa, na bima ya SHA ilipie vikao hivyo kama inavyolipia dripu.

Wabunge nao wanaweza kuifanyia marekebisho Sheria ya Ajira ili mgonjwa wa saratani apate likizo inayolingana na urefu wa matibabu, na arejee kazini hatua kwa hatua. Waajiri wasisubiri sheria. Kumpa mfanyakazi maagizo kwa maandishi badala ya kwa mdomo, au kumruhusu aanze kazi saa moja baadaye kwa muda, hakuwezi kuifilisi kampuni.

Wanaume na watoto wana wajibu wao pia. Mke anayesahau kuzima jiko baada ya kemo hajawa mzembe. Anayeamka usiku na kuketi sebuleni hajaudhika na mtu.

Kuna watakaosema kwamba nchi ambayo wagonjwa wengi bado hufika hospitalini wakiwa wamechelewa haina nafasi ya kushughulikia usingizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba vita vya kugundua saratani mapema vikifaulu, idadi ya wanaopona itaongezeka. Wanawake hao wataishi miaka 20 au 30 baada ya matibabu. Nchi isiyojiandaa kuwapokea itakuwa imewaokoa kutoka mautini, kisha ikawaacha njiani.

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mwanamke anayeonekana kanisani, msikitini au sokoni akitabasamu baada ya saratani ameundwa kwa jasho lake mwenyewe. Wajibu wa Wizara ya Afya ni kuhakikisha kwamba swali la usingizi na kumbukumbu linaulizwa katika kila kliniki ya saratani nchini, na kwamba jibu lake linasikilizwa.