Neno la Mhariri: Mfalme Asiyewajua Walipa Kodi Wake

Wengi waliotangulia kuandika habari za kodi za wafalme wa Uingereza katika karne ya 14 na ya 15 wameanza na Bunge, kwa kuwa huko ndiko idhini ya kutoza ilikoombwa na kutolewa, na kwa kuwa Bunge, tofauti na mkulima, liliacha kumbukumbu zilizoandikwa na kuhifadhiwa; nasi hatuna nia ya kuidharau kazi yao. Lakini idhini si fedha. Baina ya siku wajumbe walipokubali na siku fedha zilipohesabiwa Westminster palikuwa na safari ndefu iliyopita majimboni na vijijini, na toleo hili tumelitenga kwa ajili ya safari hiyo, tukiamini kwamba humo ndimo nguvu za dola ile, na udhaifu wake pia, zinamoonekana.

Jambo la kwanza ambalo msomaji hana budi kulitia maanani ni kwamba mfalme hakuwa na makarani wa kodi wenye mishahara majimboni. Alikuwa na sheriff, ambaye alidai mapato ya kale ya ufalme na faini za mahakama, na ambaye kila Pasaka na kila sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli alipaswa kuhesabiana na Hazina. Ama kodi iliyotolewa na Bunge kwa gharama za vita, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya mali ya kuhamishika mashambani na sehemu moja ya kumi mijini, hiyo ilikusanywa na watu wa jimbo lenyewe, waungwana wa daraja la kati walioteuliwa kwa barua yenye muhuri wa mfalme, wakaibeba amana hiyo kwa muda, kisha wakarejea kwenye mashamba yao. Mabwana wakubwa hawakutiwa katika kazi hii, na mwenye jaha aliweza kujipatia waraka wa kumwepusha nayo. Basi ikawaangukia wale waliokuwa na mali ya kutosha kudaiwa lakini hawana ukubwa wa kukataa, maana fedha zikipungua mkusanyaji alidaiwa yeye.

Hapo awali mali ya kila mtu ilikadiriwa, ng'ombe kwa ng'ombe na gunia kwa gunia, na makadirio hayo yakazaa rushwa na ufichaji kiasi kwamba baada ya kodi ya 1332 yakaachwa. Mwaka 1334 wakatumwa katika kila jimbo wajumbe wawili, mmoja wa kanisa na mmoja wa dunia, wasikilizane na kila kijiji na kila mji juu ya jumla moja ya kulipa. Na jumla zile, zilizofika kwa nchi nzima zaidi ya pauni 37,000, zikawa ndizo kipimo cha kodi zote za namna hiyo zilizofuata. Tangu hapo kijiji kiligawana mzigo wake chenyewe, kwa ada yake na kwa ugomvi wake, na Hazina haikuuliza nani ametoa nini. Kuna wanaoona katika mapatano hayo ufalme uliochoka. Mimi naona werevu, maana mfalme aliacha kujua mali za raia wake, naye akapata fedha zenye hesabu ya yakini pasipo kumtuma mtu aingie ghalani mwa mwenziwe. Hasara yake ilikuja baadaye, tauni ya 1348 ilipovifyeka vijiji na jumla zikabaki zile zile, hata ikabidi mwaka 1433 zipunguzwe kwa pauni 4,000, na mwaka 1446 punguzo lifike 6,000.

Mkusanyaji naye alipata taabu ya namna yake. Alipotoa fedha Hazina alipewa kijiti kilichochanjwa mikato ya hesabu na kupasuliwa pande mbili, upande mmoja wake na wa pili wa Hazina, ili usiwepo ubishi. Lakini mara nyingi mfalme aliyefilisika aliwalipa wadai wake kwa vijiti vya namna hiyo hiyo, nao wakamwendea mkusanyaji jimboni kudai fedha ambazo pengine hajazipata. Waasi wa Kent walioongozwa na Jack Cade mwaka 1450 waliyatia katika mashtaka yao hata malipo makubwa ambayo wakusanyaji walilazimika kuyatoa Hazina ili kupata hati moja tu ya hesabu zao.

Sasa tuitazame kodi ya kichwa, ambayo wazee wetu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1377 kila aliyepita miaka 14 alitozwa peni 4, na walipaji wakaandikwa kama 1,355,000. Bunge la Northampton mwishoni mwa 1380 likaidhinisha peni 12 kwa kila kichwa, mwenye nacho amsaidie asiye nacho, agizo ambalo katika kijiji kisicho na tajiri halikuwa na maana yoyote. Na majina yaliyoletwa mwaka 1381 yakawa kama 896,000 tu. Thuluthi ya nchi ilikuwa imetoweka daftarini, hasa mabinti wasioolewa na wajane, na wala haikuwa tauni iliyowachukua, bali ni majirani waliowaficha. Serikali ikatuma wachunguzi. Tarehe 30 Mei watu wa Fobbing na vijiji jirani, walioitwa kufika Brentwood katika jimbo la Essex, wakakataa na kuwafukuza wakubwa waliowaita. Uasi ukaenea, na tarehe 14 Juni Askofu Mkuu Simon Sudbury na Robert Hales, mtunza hazina, wakakatwa vichwa na waasi London.

Hukumu yangu ni kwamba kodi ya 1381 iliangushwa na udadisi wa mfalme kuliko uzito wa peni zake, ingawa uzito huo haukuwa haba. Jumla za 1334, ambazo hazikumtaja mtu yeyote kwa jina, ziliendelea kuwa msingi wa kodi ya sehemu ya kumi na tano na ya kumi hadi ilipoidhinishwa na Bunge kwa mara ya mwisho mwaka 1624.