Wapagazi wako wapi kwenye meza zenu?

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nimeyapitia majeshi mnayojenga kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu Afrika Mashariki. Visanamu vya milimita 28, rangi safi, nyasi za bandia chini, sikatai, mikono mnayo. Kuna watu walibishana siku tatu nzima juu ya rangi ya vitambaa walivyozungushia miguuni askari wa Mjerumani. Lakini ukihesabu wapagazi mezani: sifuri. Nilipouliza nikajibiwa eti "hawapigani, watajaza meza bure."

Jamani! Vita ile ilitembea kwa vichwa vya watu. Farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, reli hazikufika kila mahali, barabara hakuna. Chakula, risasi, dawa, hata mizinga, vyote vilibebwa na watu. Waingereza peke yao walitumia karibu watu milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Ni mara nyingi zaidi ya wanajeshi wao waliokufa. Kariakoo mnakonunua gundi na brashi imepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi hicho hicho cha wapagazi. Mnakwenda pale kila bumu likitoka halafu mnarudi kujenga jeshi lisilo na mpagazi hata mmoja!

Najua kwa nini wote mnakimbilia Tanga, Novemba 1914. Siku chache, mji, meli, nyuki, mambo yameisha. Na kweli pale von Lettow-Vorbeck aliwaleta watu wake kwa reli kutoka Moshi, kwa hiyo wapagazi wachache sawa tu. Lakini mnaocheza 1916 mpaka von Lettow alipoweka silaha chini kule Abercorn, Novemba 1918, mnajitetea vipi?

Halafu ule mzinga wa Königsberg! Kila mtu anautaka. Meli ilizamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ikaopolewa na kuvutwa porini na mamia ya watu kwa kamba. Nyie mnauweka mezani na wapiga mzinga wanne, na kila raundi unasogea wenyewe kama pikipiki.

Msiniambie visanamu vya wapagazi ni ghali. Chukua askari aliyevunjika, kata bunduki kwa wembe, mwekee kichwani kipande cha kadibodi kilichofungwa uzi. Dakika kumi. Wapange watano watano kwenye kitako kimoja. Na sheria iwe hivi: kila raundi mbili unaondoa kitako kimoja, kwa sababu mpagazi naye anakula, na anakula kutoka kwenye mzigo ule ule alioubeba. Vikiisha, mzinga haundoki ulipo na askari hawapigi risasi. Hapo ndipo utaona kama wewe jenerali kweli au mpaka rangi tu.

Hata Waingereza wenyewe, kwenye sanamu waliyoweka Nairobi, walimsimamisha mpagazi pamoja na askari. Nyie mmeshindwa kumpa sentimita tatu za meza.

Jumamosi nakuja na wapagazi 60. Atakayetaka kuwaondoa aje na hoja, sio "hawapendezi".