Mlimani Peke Yako?

Wako wasemao kwamba kupanda milima ya Nyandarua peke yako, na hema na mshipi, kuvua trauti, ndio uanaume. Mimi nasema sivyo. Samaki huyo aliletwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, naye hupenda maji baridi. Lakini kilele cha Lesatima chafika mita 4,001. Usiku kule baridi hugandisha maji, ukungu hufunga njia, na nyati wamo. Mvuvi wetu hatweki tanga pasi na kuwaaga wa nyumbani. Basi, ewe msafiri, kabla hujafunga mzigo, mwambie mtu utalala wapi na utarudi lini. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.