Nani Atangulie: Mkosaji au Mkosewa?

Katika makanisa ya Kitui na Makueni mahubiri kuhusu msamaha hayakosi wasikilizaji, wala hayakosi mtu anayerudi nyumbani na kinyongo chake kilekile. Kwa maoni yangu, lawama si ya msikilizaji. Mahubiri yetu mengi humwelekea aliyekosewa peke yake: mjane aliyefukuzwa shambani na mashemeji, au mkulima wa mashariki ya Kitui ambaye mimea yake imeliwa na ngamia wa wafugaji. Huyo ndiye anayeambiwa asamehe saba mara sabini. Aliyemtenda huketi benchi la pili akiitikia amina.

Sisi wanafunzi wa lugha na tuanze na neno lenyewe. 'Samehe' tumelipokea kutoka Kiarabu. Mkamba husema 'ekea', kitenzi cha kauli ya kutendea kitokanacho na 'eka', yaani acha. Mnyambuliko huo hudai watu wawili, anayeacha na anayeachiwa. Kigiriki cha Injili nacho hutumia kitenzi chenye maana ya kuachilia, na Mathayo, katika Sala ya Bwana, anataja deni. Sasa, nani huachilia deni asilolijua? Mfalme wa Mathayo 18 alifanya hesabu kwanza, mdaiwa akaletwa mbele yake, zikatajwa talanta 10,000, mdaiwa akasihi, ndipo akaachiliwa.

Wazee wa Ukambani wasingeshangazwa na utaratibu huo. Mtu alipouawa, ukoo wa muuaji ulitoa mifugo kwa ukoo wa marehemu, na ng'ondu ikatumiwa kutakasa. Shauri lililokosa ushahidi lilipelekwa kwenye kiapo cha kithitu. Misheni, tangu ile ya Africa Inland Mission iliyofika Nzaui mwaka 1895, zilikipinga kithitu, nami sina haja ya kukitetea, kinatisha, hakipatanishi. Lakini pamoja nacho tuliitupa pia ile hatua ya mkosaji kuja mbele ya watu akataja alichotenda. Ajabu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi, mradi haki za watu zisivunjwe. Hakimu ameruhusiwa kuuliza lile ambalo mhubiri haulizi.

Na Maandiko yanamruhusu mhubiri. Katika Mathayo 5:23-24, anayeagizwa kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupatana ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji! Luka 17:3 nayo inataja kukemea na kutubu kabla ya kusamehe.

Nitajibiwa kwamba Yesu aliwaombea waliomsulubisha kabla hawajatubu. Ni kweli, na wako watu Ukambani waliosamehe vivyo hivyo, nawavulia kofia. Ila Yesu aliomba kwa hiari yake, akiwa juu ya msalaba. Hakuna aliyesimama chini yake akamwamuru.

Kwa hiyo mchungaji anayetaka kumhubiria msamaha mjane wa Wote au wa Mutomo, aanzie kwa mashemeji. Awaulize, mbele ya ukoo, hati ya shamba iko wapi.